Habari za Mbuzi na Kuku wa Lubunga

Katika komini sita zinazoufanya mji wa Kisangani, tano zimekaa ukingo wa kuume wa mto Kongo, na moja tu, Lubunga, imekaa peke yake ukingo wa kushoto, haina daraja, hata kila kiingiacho na kila kitokacho, awe mtu au uwe mzigo, awe mbuzi wa arusi au liwe jeneza, sharti kipande chombo na kuvuka maji. Uso wake umeelekea mjini, waliko meya na gavana na mahakama na soko kuu. Mgongo wake umeegemea msitu, ambako njia ya Opala huingia nchi ya Wambole na reli ya Ubundu hupita katika nchi ya Walengola. Kwa sababu ya makao hayo Lubunga imekuwa tangu zamani mlango wa wanyama wadogo wa kufugwa: huja kutoka mgongoni, miguu imefungwa kamba za msituni, wakapitishwa usoni kwenda sokoni. Lakini si wote wavukao. Wengi husalia njiani, katika viwanja vya watu, wakazaa, wakachakura, wakala mboga za jirani, na hapo ndipo shauri la sheria huanza.

Katika vijiji vya msitu ule, kabla ya kuja mgeni yeyote, mbuzi na kuku hawakufungwa. Walitembea baina ya nyumba, wakalala chini ya upenu au jikoni, wakala maganda ya ndizi na makombo, wala hapakuwa na aliyeona haja ya kuwazuia, kwa kuwa shamba halikuwa kijijini. Shamba lilikuwa mbali, mahali palipofyekwa na kuchomwa moto ndani ya mwitu, na maadui zake walikuwa nyani, nguruwe-mwitu na ndovu. Mbuzi wa nyumbani hakufika huko, maana mbuzi kwa tabia yake hupenda kukaa karibu na moshi wa watu, na katika nchi yenye chui tabia hiyo si upumbavu. Basi umbali ulikuwa ndio kadhi, na chui askari wake. Tena wanyama hao hawakufugwa kwa maakuli ya kila siku, ambayo yalitoka mtoni na mwituni. Kuku alikuwa wa mgeni, wa kafara na wa faini, na mbuzi alikuwa wa mahari na wa kumaliza ugomvi. Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mto, katika ngoma yao ya kusema wamempa kuku jina refu lenye kuiga kilio chake kidogo, kama walivyowapa majina ya ngoma watu na wanyama wakubwa. John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyetoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alilisikia na kuliandika. Kiumbe aliyepewa jina juu ya ngoma hawezi kuhesabiwa kuwa kitu cha kuokotwa njiani.

Henry Stanley aliyapita maporomoko ya Wagenia mwezi wa Januari 1877, akarudi Desemba 1883 akajenga kituo kisiwani na kukiacha mikononi mwa fundi mmoja Mskoti, Binnie. Karibu na wakati huo, na zaidi baadaye, walifika watu wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Kituo kikateketea katika vita vya mwaka 1886, na Februari 1887, mjini Unguja, Tippu Tip akatia sahihi mkataba wa kuwa wali wa Stanley Falls, yaani nchi ya maporomoko yale, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Habari za pembe na za watumwa zimeandikwa na wengi, nami sizirudii, ila kwa jambo moja: watu wale, Waarabu na wafuasi wao Waislamu walioitwa Wangwana, walileta mpunga, na mpunga wao, uliolimwa kwa jasho la mateka, haukukaa mbali msituni bali kando ya nyumba zao. Kwa mara ya kwanza katika kipande kile cha mto, shamba na zizi vilikaa uso kwa uso, mbuzi akaweza kuona alichotaka kula bila ya kuondoka mlangoni.

Wale miongoni mwao waliosoma walikuwa na kanuni ya jambo hili, tena kanuni iliyokuwa na umri mkubwa kuliko miji yote ya pwani. Katika Surat al-Anbiyaa imetajwa hukumu ya Nabii Daudi na mwanawe Suleiman juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Na katika hadithi imepokewa habari ya ngamia wa al-Baraa bin Azib aliyeharibu bustani, Mtume akahukumu kwamba wenye mabustani wayalinde mchana, na wenye wanyama wawalinde wanyama wao usiku. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, waliichukua hukumu hiyo wakaichambua kwa uangalifu ambao hata leo humstaajabisha msomaji: wakasema kwamba mnyama aliyeharibu mchana hana dhamana juu ya mwenyewe, na aliyeharibu usiku anayo, kwamba ikiwa ada ya mji ni kinyume, watu wakilinda mazao usiku na wanyama mchana, basi hukumu nayo hugeuka, kwamba mwenye bustani iliyozungushwa ukuta, akauacha mlango wazi, asimlaumu mbuzi, na baadhi yao wakawatoa kabisa njiwa na ndege wengine wa kufugwa, kwa sababu ada ya ulimwengu ni kuwaachia. Tippu Tip hakuwa kadhi, wala sidai kwamba kila mbuzi aliyetafuna mpunga penye maporomoko alihukumiwa kwa kitabu. Nasema tu kwamba hapa palikuwa na fikra mpya: pale ambapo umbali umekosekana, saa ishike mahali pake.

Sasa tazama sadfa. Mwaka mmoja na miezi mitano baada ya mkataba wa Unguja, tarehe 30 Julai 1888, wakati wali wa Stanley Falls alikuwa bado Mwislamu wa Unguja, Dola Huru ya Kongo, ile ya Leopold, ilitoa dekreti juu ya mapatano na wajibu wa watu, na ndani yake, katika kifungu cha 261, ikaandikwa kwamba mwenye mnyama, au yule amtumiaye kwa wakati amtumiapo, atalipa hasara iliyoletwa na mnyama huyo, awe alikuwa chini ya ulinzi wake au awe amepotea au ametoroka. Maneno hayo hayakutungwa kwa ajili ya Kongo. Yalichukuliwa karibu neno kwa neno kutoka kitabu cha sheria cha Wafaransa cha mwaka 1804, kilichotungwa kwa nchi ya kuta za mawe na malango ya chuma. Hayajui mchana wala usiku, hayaulizi ada ya mji, hayatofautishi jogoo na fahali. Na kifungu hicho kingalipo! Serikali zimepita, mji umebadilishwa jina, nchi imebadilishwa jina mara kadha wa kadha, na mwanasheria wa Kisangani akiulizwa leo nani atalipa mboga zilizoliwa na mbuzi, atafungua kitabu cha tatu cha sheria za madai na kusoma kifungu kile kile cha 261.

Utawala wa Waarabu ukavunjika katika vita vya miaka ya 1892 hadi 1894, na Bulamatari, kama watu walivyoiita dola, akabaki peke yake. Huyu hakuwa mwamuzi katika shauri la mifugo, alikuwa mlaji. Vituo vyake vilihitaji chakula, na vijiji vya karibu vikatozwa mihogo, samaki, kuku na mbuzi, kwa malipo aliyoyapanga mtozaji mwenyewe. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyesafiri katika mwaka 1903 sehemu za mto zilizo mbali chini ya maporomoko, aliona kuku na mbuzi miongoni mwa vitu vilivyodaiwa, na vijiji vilivyokwisha maliza vya kwao vikalazimika kwenda kununua mbali, kwa bei kubwa kuliko ile waliyolipwa. Mtu akiishi chini ya kodi ya namna hiyo hujifunza kuficha kuku wake, na elimu hiyo haisahauliki upesi. Nadhani hata leo mkubwa wa mtaa apitaye Lubunga kuhesabu mifugo, ijapokuwa nia yake ni chanjo, hupewa hesabu ndogo.

Lubunga yenyewe, kama makazi ya watu wa kazi, ni mtoto wa reli. Kwa kuwa mto haupitiki na vyombo baina ya Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, na Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga njia ya kilomita 125 hivi katika ukingo wa kushoto, ikafunguliwa mwaka 1906. Kichwa cha njia kikawa Lubunga: stesheni, karakana, gati, na kambi ya wafanyakazi waliotoka makabila mengi, kila mmoja na posho yake na chumba chake na, punde si punde, kuku wake. Na kuku hao walilala ndani. Asiyepata kuishi penye fungo, nyoka, siafu na wezi atashangaa mtu kulala chumba kimoja na matetea sita. Aliyepata kuishi hapo hatashangaa hata kidogo.

Lakini kulikuwa na mgeni mwingine chumbani. Katika nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafu hukaa papasi, mdudu wa jamaa ya kupe, ambaye mchana hajitokezi na usiku hunyonya damu ya aliyelala karibu, binadamu au mnyama. Madaktari wawili wa chuo cha Liverpool, Everett Dutton na John Todd, waliokuwa wakisafiri mashariki ya Kongo katika miaka ya 1904 na 1905 kuchunguza malale, walionyesha kwamba papasi ndiye aletaye ile homa ya kurudirudi iliyowasumbua wasafiri na wenyeji. Wote wawili waliugua, na Dutton akafa Kasongo mwezi wa Februari 1905, na kijidudu cha homa hiyo kikapewa jina lake. Kutokana na elimu ya namna hii, ambayo ilikuwa ya kweli, kukazaliwa desturi ya utawala ambayo haikuwa ya haki siku zote: mkaguzi wa usafi, mwenye kofia na daftari, aingiaye kiwanjani asubuhi bila ya hodi, akitazama choo, majani, kopo lenye maji ya mvua na tundu la kuku, na kuandika faini. Mzungu aliogopa mbu na papasi. Mwenyeji aliogopa daftari.

Hapo umbali ulikuwa umekwisha vunjwa pande mbili. Huko vijijini, watu walihamishwa kutoka msituni wakapangwa kandokando ya barabara, na tangu mwaka 1917 wakaamriwa kulima mazao ya lazima, mpunga na pamba katika jimbo la Mashariki, ambayo mtumishi wa serikali alitaka kuyaona akipita. Shamba likasogea barabarani, na barabarani ndipo alipokuwa mbuzi. Na mjini, baada ya dekreti ya 23 Novemba 1931 kuunda makazi ya Waafrika yaliyotoka chini ya mila, yenye chifu wake na baraza na mahakama yake, mtu alipewa kiwanja, lupango kama wasemavyo wenyewe, na ndani ya lupango moja sharti zikae nyumba, jiko, choo, kisima, mgomba, sombe, lengalenga, watoto na wanyama. Dekreti ya 28 Julai 1938 juu ya ulinzi wa afya ya wanyama wa kufugwa ikaongeza wajibu wa kutoa habari ya ugonjwa na kutii amri ya daktari wa mifugo. Amri ya 28 Juni 1959 juu ya usafi wa hadhara katika makazi ikamfanya mkaaji kuwa mdhamini wa taka, majani na maji yaliyotuama katika kiwanja chake. Hukumu ya usiku nayo haikukosekana, ila iligeuzwa kichwa chini: Mbelgiji hakuamuru mbuzi afungwe usiku, aliamuru mtu mweusi asionekane katika mtaa wa Wazungu usiku bila ya kibali.

Ningependa kukaa kidogo hapa, kwa kuwa karatasi hizi zote zilipokuwa zikitolewa, watu wa viwanjani walikuwa na taratibu yao, na sehemu kubwa ya taratibu hiyo ingali hai. Ugomvi hutanguliwa na mtoto. Mwenye mboga hamtumi polisi wala haendi komini. Humtuma mtoto aende akaseme, kwa adabu, kwamba kuku wa Mama wamekuja kuamkia. Mwenye kuku hutuma mtoto wake kuwarudisha, na shauri huisha hapo, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu mkubwa huja mwenyewe. Ikiwa ni mbuzi, mwenye hasara humfunga kwake, hampigi, humpa maji, maana akimpiga au akimwacha na kiu yeye ndiye atakayekuwa na kosa, kisha hungoja. Mwenye mbuzi akija hukuta wazee wawili watatu wa barabara wamekwisha itwa, na wote pamoja huinama juu ya tuta. Hutazama jani lililobaki: kama limekatwa sawasawa ni jino la mbuzi, kama limechanwa na udongo umetimuliwa ni mguu wa kuku, kama tuta lote limepinduliwa basi ni nguruwe, na sauti za wazee hubadilika. Hutazama ua: ulikuwapo? Una pengo? Pengo ni la jana au la masika yaliyopita? Na huuliza saa. Mbuzi aliyetoroka wakati watu wako kazini hutazamwa kwa huruma; aliyekuwa nje baada ya magharibi humtia mwenyewe aibu. Fidia huhesabiwa kwa mafungu ya mboga kwa bei ya soko la siku ile, na aghalabu huwa chini ya hasara, kwa kuwa mlipaji na mlipwaji watachota maji pamoja kesho.

Wale wazee si lazima wawe Waislamu, na wengi wao sio. Hawakusoma kitabu chochote cha fiqhi wala kifungu cha 261. Lakini mwenye kusikiliza mashauri yao atasikia ua uliobomoka ukihukumiwa kama ule mlango ulioachwa wazi, na usiku ukihukumiwa kama ulivyohukumiwa Madina. Sijui njia gani ilileta mambo haya pamoja, wala sina hakika kwamba iko njia. Huenda watu wenye mbuzi na mboga, popote wakaapo karibukaribu, hufikia pale pale. Vyombo vya sheria hii pia ni vya zamani: kitambaa chekundu kilichoshonwa bawani mwa tetea ili ajulikane, ukucha mmoja uliokatwa, mti wa pembe tatu uliovishwa shingoni mwa mbuzi mtundu, apate kula majani ya njiani lakini asipate kupenya uani. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kama wasemavyo wahenga, nao hapa walisema neno la kazi: kuku aliyenunuliwa huachwa na kamba mpaka ajue mahali pa kulala.

Miaka ya uhuru naipita upesi. Dekreti ya 26 Machi 1957 ilileta komini na burgumesta, uchaguzi wa Desemba 1959 ulikipa chama cha Lumumba ushindi mkubwa katika mji, na watu walitumaini kwamba mkaguzi mwenye daftari ataondoka pamoja na Mbelgiji. Hakuondoka, alibadilisha kofia. Katika mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliushika mji tangu Agosti mpaka Novemba, na katika vita vya namna ile sheria ya mifugo ni fupi: mwenye bunduki ndiye mwenye mbuzi. Mobutu akaleta Salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, na siku ya Salongo nguruwe na mbuzi walifichwa kama watu wasiolipa kodi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa utawala wake, mishahara ilipokuwa haiji, na uporaji wa askari wa miaka ya 1991 na 1993 ulipomaliza kilichosalia cha biashara. Hapo karani, mwalimu na muuguzi, watu ambao baba zao walijivunia kutoka katika harufu ya zizi, walirudi zizini. Watu walikitaja kwa mzaha kile kifungu cha 15, ambacho hakimo katika katiba yoyote na ambacho maana yake ni kwamba kila mtu ajitafutie. Na moja ya matunda ya kifungu hicho lilikuwa nguruwe wa uani. Nguruwe hukua upesi, huzaa wengi, na mji wenyewe humlisha: pumba za mpunga, mashudu ya mawese, maganda ya mihogo, machicha kutoka kiwanda cha bia, yaliyovushwa mto kwa magunia. Mwenye nguruwe watatu alikuwa na karo ya mtoto. Walimu wa chuo cha kilimo kilichotoka Yangambi na kuhamia Kisangani walianza kuwaandika wafugaji hawa katika tasnifu za wanafunzi wao, na baadhi ya walimu, kwa haki, walikuwa wafugaji wenyewe.

Lakini nguruwe ni mnyama ambaye sheria ya saa haimtoshi. Jirani yake ni Mwislamu wa kizazi cha Wangwana, ambaye najisi ikigusa chombo chake cha maji hawezi kukitumia mpaka akitoharishe. Au ni Mkimbangu, ambaye kanisa lake limemharimishia nyama hiyo. Na wote wawili, wakiomba nguruwe afungwe, huambiwa kwamba mbao ni ghali. Tena yupo yule mgeni wa zamani wa chumbani. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo iliandikwa kwa mara ya kwanza na Montgomery kutoka Kenya mwaka 1921, ambayo haina tiba na ambayo huweza kumaliza zizi zima kwa muda wa juma moja, ina hifadhi yake ndani ya papasi wa jamaa ile ile ya papasi wa Dutton. Nguruwe atembeaye kiwanja hadi kiwanja huichukua na kuieneza, na mwenyewe, akiona mmoja ametetemeka, huchinja wengine haraka na kuuza nyama kabla habari haijafika. Hasara ya mmoja huwa ya mtaa. Hapo kwa hakika ukaguzi unahitajiwa, na hapo ndipo imani kwa mkaguzi iliposhindikana kupatikana, kwa sababu nilizokwisha zitaja.

Kisha vita. Katika Machi na Aprili 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamepanga vibanda kando ya reli kutoka Ubundu hadi Lula, karibu kabisa na Lubunga, na yaliyowapata huko si ya kusimuliwa katika makala ya kuku. Tangu mwaka 1998 mto ulifungwa na majeshi, meli za Kinshasa hazikuja, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini kwa siku sita. Mji ule ulilishwa kwa baiskeli. Vijana wa toleka, ambao kazi yao ilikuwa kubeba abiria kwa baiskeli, walikwenda ndani ya msitu na kurudi na kuku kumi na tano wakining'inia kichwa chini kwenye usukani, mbuzi mmoja amefungwa nyuma kama mzigo wa kuni, na magunia ya mpunga kati yake. Kila kizuizi cha askari kilichukua jogoo. Kwa wafugaji wa viwanjani ilikuwa miaka ya bei nzuri na usingizi mbaya: kuku walirudishwa kulala ndani, chini ya kitanda, kama katika kambi ya reli miaka tisini nyuma.

Sheria ya sasa inajulikana kwa kila mkaaji, walau kwa sehemu yake iumayo: wanyama wasizurure. Amri hiyo hutangazwa redioni, husahauliwa, hutangazwa tena pakitokea kipindupindu au ugeni wa mkubwa kutoka Kinshasa, na kwa siku chache polisi huzunguka wakikamata. Mbuzi aliyekamatwa hukombolewa kwa faini. Asiyekombolewa siku ile, ni vigumu kupata habari zake. Mbuzi hula alipofungwa, husema watu, nao hawamsemi mbuzi. Katika miji mingine ya Afrika ya Mashariki wameijaribu njia ndefu zaidi: Tanzania, kwa kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992, iliruhusu ng'ombe wasiozidi wanne waliofungwa bandani, Kampala, mwaka 2006, ilipitisha sheria ndogo zilizomtaka mfugaji awe na kibali. Sizisifu kupita kiasi, kwa kuwa kibali nacho hununuliwa, lakini zina fadhila moja: zimekiri kwamba mfugaji wa mjini yupo na ataendelea kuwapo, jambo ambalo karatasi za Kisangani hazijalikiri wazi.

Mwezi wa Februari 2023 ugomvi wa ardhi ya msitu iliyotakiwa kwa mashamba makubwa ukawasha vita baina ya Wambole na Walengola, watu waliouziana mbuzi na kuoana tangu kale. Nyumba zilichomwa katika Lubunga, watu wakauawa, na maelfu wakavuka mto na kuishi katika makambi ya ukingo wa kuume. Mtu akivuka usiku na watoto hachukui mbuzi. Wanyama walibaki nyuma wakitembea katika viwanja visivyo na watu, wakila mboga zisizo na mwenyewe, na kwa kitambo kile katika sehemu zile za mji hapakuwa na mdai wala mdaiwa.

Desemba ya mwaka ule ule wakaaji wa miji mikuu ya majimbo, Kisangani ikiwamo, walipiga kura kuchagua madiwani wa komini, jambo ambalo vijana wengi hawakupata kuliona maishani mwao. Na kwa sheria ya 7 Oktoba 2008 komini ni mamlaka yenye nafsi yake na baraza lake. Baraza la Lubunga likija kushika shauri la mifugo, litakuta mbele yake kifungu cha 1888, dekreti ya 1938, amri ya 1959, na mbao ghali kama zamani. Mimi, lau ningeulizwa, ningewaomba waanze na saa: kuku waachiwe mchana, mbuzi awe na mti shingoni, nguruwe asitoke kabisa, na baada ya magharibi kila mnyama awe kwao, faini ilipwe kwa mwenye mboga, isilipwe kwa aliyekamata. Wazee wa barabara wanaweza kuisimamia kanuni hiyo bila ya daftari. Ua utakuja baadaye, bati kwa bati, kadiri mtu awezavyo kununua.